Wazazi wamekataa nisiendeshe ATV ya shambani Hombolo. Nawashawishije?

Binti wa Zabibu

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Mimi ni binti wa miaka 15, natimiza 16 mwezi wa kumi na mbili. Niko kidato cha tatu, tunaishi Kisasa hapa Dodoma. Babu ana shamba la zabibu Hombolo na likizo karibu zote tunaishia kule. Msimamizi ni baba mdogo. Mwaka jana alinunua ATV ya mtumba, ile pikipiki ya matairi manne, ubavuni imeandikwa 250. Wanabebea kreti za zabibu na madumu ya maji, na wakati wa kupulizia dawa wanafunga tanki nyuma. Huwa ananipakia kwenye keria tukienda kisimani na, jamani, nimeipenda. Nataka nijifunze kuiendesha. Sina mpango wa kwenda nayo barabarani, ni humo humo shambani.

Nilimwomba baba mezani, siku hiyo tulikuwa na wageni, nikajua atacheka na kukubali. Akasema hapana. Nikauliza kwa nini, akasema nitavunjika. Nikamwambia mbona bodaboda wamejaa mjini na ni vijana tu, akasema hayo si mambo ya mtoto wa kike. Mama akasema nisimwingize. Kinachoniuma, mdogo wangu wa kiume ana miaka 12 na baba mdogo keshamwachia ashike usukani, hakuna aliyesema kitu.

Likizo ya Juni hiyo inakuja. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Mzee wa Mlenda

Nimeweka kigoda, leteni karanga.

Binti, mtihani wa kidato cha nne hauna swali la ATV. Nimemaliza.

Dogo wa Nkuhungu

Mbona rahisi. Shamba la nani? La babu. Mfuate babu, akisema ndiyo, baba yako atabishana na nani?

Mama Wawili

Dogo wa Nkuhungu usimharibie mtoto wa watu. Akimpitia baba yake kwa babu atapata ruhusa ya siku moja na kununiwa mwaka mzima. Mwanaume akipewa amri na mzee wake mbele ya mke na watoto, hasira haiendi kwa mzee. Itamshukia huyu binti, na likizo ijayo hata Hombolo hataiona.

Mwanangu, nina wawili wa rika lako, ngoja nikwambie mzazi anavyosikia. Wewe ulisema unataka kuendesha ATV. Alichosikia baba yako ni maswali: lini, na nani, mpaka wapi, mimi nikiwa ofisini nitajuaje? Yote yamemjia kwa mpigo, wageni wanamtazama, chakula kinapoa. Jibu la haraka pale ni hapana. Hapana haimgharimu kitu.

Halafu umepewa hapana mbili, usizichanganye. Hiyo ya kuvunjika ni hofu, na ina msingi, ijibu. Hiyo ya mtoto wa kike iache ilivyo kwa sasa. Mara nyingi mzazi analitoa hilo akiishiwa maneno, na ukilivamia mtagombana mpaka usiku na ATV yenyewe imesahaulika. La mdogo wako pia usilipeleke kama mashtaka. Ukianza na "mbona yeye", mtapigwa marufuku wote wawili.

Sasa cha kufanya. Omba kidogo kuliko unachotaka. Usiombe kuendesha, omba kufundishwa, baba mwenyewe akiwa amesimama pale, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Mzazi akijua anaweza kulisimamisha jambo dakika yoyote, anakuwa na ujasiri wa kuliruhusu lianze. Wengi mnaomba ruhusa kama hati ya kiwanja, ukishapewa ni yako. Hakuna mzazi anayetoa hiyo.

Na mama yako hajakataa, amesema usimwingize. Mfuate jikoni mkiwa wawili, muulize anachoogopa yeye. Uliza halafu nyamaza, usijibu papo hapo.

Nesi wa Zamu

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi huu, nisameheni.

Nafanya kazi na majeruhi hapa mkoani. Zinazotujazia wodi ni pikipiki, ATV ni chache kwa sababu zenyewe ni chache. Lakini zina ubaya wake. Pikipiki ikianguka mara nyingi inakutupa pembeni. ATV inapinduka na kukufuata ulipoangukia. Ya 250 yenye keria inakaribia kilo 200, wewe una kilo ngapi, 45, 50? Ikikulalia kifuani huwezi kuisukuma. Kifua kikibanwa hakipanuki, na mtu anaweza kuishiwa pumzi hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Na shambani mara nyingi uko peke yako.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao American Academy of Pediatrics, wana msimamo wa wazi: chini ya miaka 16 mtoto asiendeshe ATV. Si suala la mwili tu. Kijana wa miaka 14 anaweza kuliona korongo vizuri kabisa na bado akataka kujua atavuka au hatavuka.

Kwa hiyo baba yako yuko sahihi, hata kama sababu ya pili aliyoitoa siipendi. Aliyenitia homa kuliko wewe ni huyo wa miaka 12. Usimsubiri baba, mpigie baba mdogo leo umwambie amshushe mtoto.

Dogo wa Nkuhungu

Nesi unamkatisha tamaa mtoto. Mimi pikipiki nimeanza nikiwa darasa la sita, mzima mpaka leo.

Nesi wa Zamu

Walioanza darasa la sita na si wazima hawako humu kukujibu.

Fundi Spana

Naomba niingie kwenye chombo chenyewe. Nina gereji Chang'ombe, ATV za shamba zinaletwa, si nyingi lakini zinaletwa.

Binti, mwambie baba mdogo apige picha stika zilizobandikwa kwenye madigadi na kwenye tenki. Watu wanazibandua kwa sababu zinaonekana kama mapambo. Kwenye ATV kubwa za kiwanda kuna stika ya onyo ya umri, 16, na nyingine inakataza kupakia mtu, nyingine inakataza lami. Huu utaratibu wa umri ulianzia Marekani mwaka 1988, serikali yao ilipokubaliana na viwanda kwamba ATV yenye injini ya zaidi ya sisi (cc) 90 isiuzwe kwa matumizi ya mtoto wa chini ya miaka 16. Mwaka huohuo ndipo wakaacha kuuza zile za matairi matatu, maana zilikuwa zinapinduka ovyo. Hoja ya stika ni nzuri kwako kuliko unavyodhani. Baba akiuliza nani kasema, hujasema wewe, kasema aliyeitengeneza.

La pili ni upepo, na hili naomba mlisome wote wenye ATV. Tairi la ATV ni pana na laini, upepo wake ni mdogo sana, nyingi ziko kati ya PSI 3 na 7. Narudia, tatu na saba. Kijana wa kujaza upepo barabarani akiliona anajaza 28 au 30 kama la Boxer, kwa sababu amezoea hivyo na mwenye chombo anapenda kuona tairi limesimama. ATV ya hivyo inaruka kwenye kila jiwe kama mpira, na inapotua haitui ulikotaka wewe. Geji nyingi za mitaani hata 5 hazisomi vizuri, sindano inatetemeka tu pale chini. Nunua geji ya upepo mdogo ukae nayo nyumbani.

Tatu, mafuta. Mafuta yake hayazungushwi kama ya pikipiki, yanasukumwa kwa kidole gumba. ATV nyingi pale kwenye kiboksi cha kidole kuna skrubu ndogo yenye nati. Ukiikaza kuingia ndani, kidole hakifiki mwisho na chombo hakikimbii, hata akishtuka akabana kwa nguvu zote. Kazi ya bisibisi na spana ndogo, dakika chache. Nikimfanyia mzazi hivyo mbele ya macho yake naona kabisa mabega yanashuka.

Binti wa Zabibu

Asanteni sana. Nesi, umenitisha lakini nimekuelewa. Nimempigia baba mdogo kuhusu mdogo wangu, alicheka kwanza, halafu akanyamaza, akasema sawa.

Picha ametuma. Stika imepauka na jua lakini 16 inasomeka, na kuna mchoro wa watu wawili umepigwa mstari mwekundu. Kumbe hata mimi pale nyuma kwenye keria nimekatazwa. Na upepo amesema huwa anajaza "mpaka ligonge vizuri".

Fundi Spana

Hilo "mpaka ligonge vizuri" ndilo linalonilisha.

Mwongoza Wageni

Nimewahi kuongoza watalii na ATV kule Nungwi, sasa nimerudi nyumbani Kongwa. Niongeze kidogo kwa upande wa kuendesha.

Watu wanaona matairi manne wanadhani haiangushi. Pikipiki inakutia adabu siku ya kwanza, ukiilegeza inalala. ATV inakuachia ujione fundi wiki nzima, mpaka siku unakata kona kwa kasi. Nyingi ekseli ya nyuma ni moja, haina difu, matairi yote mawili yanazunguka sawa hata kwenye kona. Kwenye mchanga tairi la ndani linateleza kidogo, mambo yanaenda. Kwenye lami halitelezi, linanyanyuka. Ndiyo sababu ya ile stika ya lami.

Binti, la kwanza kabisa shuka kwenye keria, na mwambie baba umeshuka. Siti ya ATV ni ndefu ili dereva asogee, si kwa ajili ya abiria. Ukipanda mlima unainama mbele, ukishuka unarudi nyuma na gia ndogo, ukikatisha mteremko unaegemea upande wa juu. Mtu akiwa keriani uzito wake umekaa nyuma ya ekseli, mkipanda tu pua inanyanyuka, na dereva hawezi kusogea popote.

La pili ni mguu. Hapa ndipo Watanzania wote tunapokamatwa, kwa sababu tumelelewa na pikipiki na baiskeli. Chombo kikiyumba, mguu unashuka wenyewe. Kwenye ATV mguu ukigusa ardhi, tairi la nyuma linaupanda kuanzia kisigino. Wageni kutoka Ulaya hawakuwa na shida hiyo sana, aliyenisumbua ni dereva wa bodaboda wa pale pale kijijini. Mguu wake ulikuwa hausikii.

Kufundisha: siku ya kwanza mwanafunzi wangu haendi popote. Anawasha, anazima kwa swichi nyekundu. Anawasha, anazima. Nampigia makofi ghafla akiwa anatazama pembeni, anazima. Mpaka kidole kinafika pale bila jicho. Baada ya hapo gia ya kwanza, tunazunguka ndoo mbili kwenye uwanja mtupu na mimi natembea kwa miguu ubavuni. Mwalimu akianza kukimbia, mwanafunzi ana kasi mno. Na ikizima katikati ya mlima, breki, usiiache irudi nyuma, shukia upande wa juu.

Mzee wa Mlenda

Kumbe mambo haya yana chuo. Naendelea kula karanga.

Mkulima wa Chinangali

Mmeongea chombo, mmesahau shamba. Mimi ni mkulima wa zabibu.

Shamba la zabibu lina waya. Kutoka nguzo hadi nguzo waya mmojawapo unakuwa usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, maana yake ni shingo ya mtu aliyekaa kwenye ATV. Majani yakiwa yamejaa unaona mstari. Mkishapogolea, jua la saa kumi na moja jioni likikupiga usoni, waya hauuoni kabisa, unaona nguzo ukadhani kati yake pana njia. Kwangu nimefunga vitambaa vyeupe vya mifuko ya mbolea kwenye waya wa mwisho wa kila mstari, na hakuna chombo kinachoruhusiwa kukatisha kati ya nguzo, ni kuzunguka tu.

Makorongo. Wewe wa Hombolo unayajua kuliko mimi. Ukingo wa korongo juu unaonekana mgumu, chini maji yameshaula. Njia uliyopita Novemba usiiamini Januari, mvua ikinyesha mara moja tu imebadilika. Baba yako akitaka kujua utapita wapi, mwende kwa miguu wote wawili, mpige chokaa kwenye mawe, hapa mwisho.

Na tanki la dawa usiliguse mwaka wa kwanza wote. Tanki lililo nusu ndilo baya zaidi, maji yanabembea upande mmoja na ATV inafuata.

Trafiki Mstaafu

Fupi tu. Njia ya shambani na njia ya kijiji si kitu kimoja. Ukivuka kwenda dukani kununua vocha umeshaingia barabara ya umma, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakuhusu. Leseni ya matairi matatu na manne ni daraja A2, kwa umri wako huipati. Litakalotokea huko, wa kwanza kutafutwa ni mwenye chombo, baba yako mdogo. Hilo mwambie baba wewe mwenyewe kabla yeye hajakwambia. Ukimtangulia kwenye sheria, atashangaa.

Binti wa Zabibu

MREJESHO

Nimeongea na mama jikoni kama alivyosema Mama Wawili. Nikamuuliza anaogopa nini, nikanyamaza. Kumbe haogopi kuanguka sana. Anaogopa nianguke Hombolo, wao wakiwa mjini, simu haishiki kule bondeni, na baba mdogo gari lake kila siku liko kwa fundi. Sikuwahi kulifikiria hilo hata kidogo.

Tumeandika karatasi pamoja. Nimeweka hivi:

"Baba, stika ya ATV inasema 16, kwa hiyo Juni siombi kuendesha. Naomba Juni nifundishwe kukagua upepo na breki, kuwasha na kuzima, ikiwa imesimama. Njia tuitembee kwa miguu mimi na wewe, tuweke mwisho wake, na mwisho huo usifike barabara ya kijiji. Desemba nikishatimiza 16, naomba gia ya kwanza, wewe ukiwepo, gari likiwepo, mahali simu inaposhika. Kukiwa hakuna gari, siku hiyo hakuna ATV. Sipandi tena keria na simpakii mtu. Naahidi sitawaangusha kamwe."

Mnaonaje?

Mama Wawili

Nzuri kuliko nilivyotarajia. Hilo la gari ni la mama yako, linasikika kabisa.

Futa sentensi ya mwisho. Mzazi haamini kamwe ya mtu wa miaka 15, na akiifikia hiyo anaanza kutilia shaka zile za juu. Weka adhabu: nikivunja sharti moja, ufunguo unarudi mpaka likizo nyingine, na sitabisha. Usimsomee, mpe asome mwenyewe. Na usimpe akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini.

Nesi wa Zamu

Ongeza mavazi. Viatu vinavyofunika kifundo, si ndala, si yeboyebo. Mikono mirefu, glavu, miwani ya vumbi, maana vumbi la Hombolo mnalijua wenyewe. Na kitenge au mtandio visiwepo mwilini ukiwa juu ya chombo, kitambaa kinachopepea kikishikwa na tairi au ekseli kinakuvuta na wewe. Suruali. Kama nyumbani suruali ni shida, ivae, ukimaliza funga kitenge chako juu uende zako.

Dogo wa Nkuhungu

Nimesikia Australia wanaweka kitu kama upinde nyuma ya ATV, ikipinduka isikulalie. Si achomelewe tu hapo mjini?

Fundi Spana

Ni kweli, kule tangu Oktoba 2021 ATV mpya ya kazi haiuzwi bila hicho kinga. Lakini kile kimepimwa, kina uzito wake na kinavyopinda. Bomba la mlango likichomelewa na jamaa wa mageti linaongeza uzito juu, na siku ya siku linageuka kuwa la kukubania chini. Binti, hilo usilipeleke kwa baba kabisa.

Mzee wa Mlenda

Mwezi wa sita umeanza. Binti uko wapi? Karanga zimeisha.

Binti wa Zabibu

Nipo, samahani, tulikuwa na mitihani ya kufunga. MREJESHO WA PILI.

Baba aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Hakusema kitu, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Nikajua imekwisha. Kesho yake asubuhi akauliza swali moja tu, skrubu ya kidole iko upande gani. Nikagundua amesoma na uzi huu, maana skrubu sikuiandika kwenye karatasi. (Baba, kama uko humu, shikamoo.)

Jumamosi tukaenda Hombolo wote. Baba akasema kabla sijafundishwa ataijaribu yeye. Akaja na makubazi. Baba mdogo akamwambia, "Kaka, mwanao ameandika viatu." Ikabidi achukue mabuti ya mpira ya kupulizia dawa, yamembana, anatembea kama amekanyaga miiba, na mama anaangalia pembeni asicheke.

Kabla hajapanda, wakapima upepo. Baba mdogo hakuwa na geji ya maana, akaja jirani na yake: 26. Wakaushusha mpaka 5, tairi likalala kidogo pale chini, baba mdogo akasema sasa hii imeharibika. Akazunguka nayo uani, akarudi akiwa na sura nyingine. Akasema imekuwa godoro.

Baba akapanda. Mwanzo alienda vizuri. Alipoingia kwenye mchanga karibu na kisima ikayumba, na mguu wa kulia ukashuka. Baba mdogo alipiga ukelele mpaka kuku wakaruka. Baba akaurudisha, akazima kwa ile swichi nyekundu, akakaa palepale juu kimya. Halafu akasema, "Huu mguu sikuutuma mimi."

Tukatembea njia. Baba, mimi na mdogo wangu, tumebeba ndoo ya chokaa. Baba alikuwa anapiga mawe mapema kuliko nilivyotaka, sehemu nyingine nilikuwa naona bado pana usalama mbele, lakini nikakaa kimya. Kule kwenye korongo alirudi nyuma hatua nyingi sana ndipo akapaka. Waya wa zabibu tumeufunga vitambaa mwisho wa mistari yote ya upande wa nyumba, vya mifuko ya mbolea kama alivyosema mkulima wa Chinangali.

Uamuzi wake: Desemba, baada ya siku yangu ya kuzaliwa, kama mvua haijaharibu njia. Juni hii nawasha na kuzima tu, na kila asubuhi napima upepo mimi. Ufunguo amekataa kuushika. Amesema atakuwa nao mama, kwa sababu yeye nitamlainisha. Skrubu amekaza mwenyewe, halafu akatia alama ya rangi ya kucha ya mama kwenye nati ili mtu akiilegeza ijulikane.

Habari ya mtoto wa kike hakuna aliyeitaja. Mdogo wangu aliuliza yeye zamu yake lini, baba akamwambia ahesabu miaka mpaka 16 halafu amuulize dada yake.

Mama Wawili

Rangi ya kucha! Huyo baba nampa heshima zake.

Trafiki Mstaafu

Na baba akiwa humu: hongera, mkuu. Hayo mawe yapake upya kila baada ya mvua.

Mwongoza Wageni

Desemba anza asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, kabla ya jua na upepo. Mtu akichoka ndipo anakosea. Na kwa mwanzo mbao, ndoo na mawe madogo vinatosha, mlima usiuguse.

Binti wa Zabibu

Sawa, asante. Swali la mwisho. Baba amesema helmeti ninunue kabla ya Desemba na amenipa hela. Nimepita madukani mjini, za bodaboda zipo nyingi, zingine hazina kioo. Muuzaji ananiambia nichukue kubwa kidogo kwa sababu bado nakua, itanifaa miaka mingi. Nichukue?

Nesi wa Zamu

Bado ningependa usubiri mpaka 18, nimelisema na nitalisema tena Desemba. Lakini helmeti usikosee.

Chukua futi ya fundi cherehani, pima kichwa kuzunguka paji la uso, juu kidogo ya nyusi, upite juu ya masikio mpaka nyuma panapotokeza zaidi. Andika sentimita, linganisha na karatasi ya saizi ndani ya helmeti. Tafuta yenye alama ya E ndani ya duara kwenye lebo ya mkanda. Pima ukiwa umesuka kama utakavyokuwa umesuka shambani, rasta nene zinabadilisha saizi yote. Ivae, funga mkanda wa kidevuni, mwambie mama ashike helmeti aizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya paji la uso ifuate. Helmeti ikizunguka na uso ukabaki, irudishe. Mashavu yabanwe kidogo, hilo ni sawa, sponji italegea. Kaa nayo humo humo dukani muda wa kutosha, ikiuma sehemu moja ya paji, si yako. Ya mtumba usichukue, hujui iliangukia wapi.

Na usinunue kubwa ukidhani utakulia humo ndani. Hiyo ni sare ya shule.